Mwaka wa Kunusa Chungu

Yona alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa darasani, akaniambia baba yake amefariki alfajiri, nyumbani kwao Mkonze, usingizini. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, na badala ya kumpa pole kama mtu aliyelelewa, nikamuuliza kama kilikuwa kifua. Akasema hapana, dada Koku, uzee tu, hata kukohoa hakukohoa. Nikasema asante Mungu, tena kwa sauti, mpaka wanafunzi wa dirishani wakageuka kunitazama. Yona ni mtu mpole, alinitajia tu siku ya maziko. Lakini mimi nilijua nilichokuwa nashukuru, na nikaona aibu. Mtu anayeshukuru akipewa habari ya msiba ana jambo analolificha, na mimi langu nilikuwa nimelificha tangu mwaka ule vyuo vilipofungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa dunia nzima, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili na mdomo mkubwa kuliko akili. Kutoka Manyoni ninakofundisha hadi Dodoma si mbali. Basi lilipopita Bahi mpunga ulikuwa kijani pande zote mbili za barabara, watu wameinama majini wanapalilia, na mimi nilikaa dirishani najiuliza kama safari hii nitaweza kumwambia Mama Yona, au nitakula wali wa msiba na kuondoka kama nilivyoondoka kila Krismasi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepanga chumba kwake. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ukuta wa matofali ya kuchoma umezunguka uwanja, geti la bati mbele, na nyuma kwenye banda la kuku ukuta haujamalizika, pengo limezibwa kwa mabati mawili yaliyoegeshwa. Kando ya mwarobaini kulikuwa na stoo ya magunia. Mama Yona alikuwa amestaafu kazi ya uhudumu wa wodi, mwanamke mfupi, mwepesi, asiyependa maneno mengi, mwenye pua ambayo mtaa mzima uliijua, maana angeweza kukuambia nyumba gani wanakaanga dagaa na nyumba gani maziwa yao yamechacha. Mumewe, Mzee Ndahani, alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka huko Kizota kwa miaka mingi. Alivuta vumbi la unga maisha yake yote, kisha kifua kikuu kikaja kikamla pafu moja. Daktari alimwambia hilo lililobaki alilinde kama mboni ya jicho. Kwa hiyo yule mgonjwa wa mbali aliyekuwa anatajwa redioni kila saa, mwenye kukohoa na kukosa pumzi, kwetu hakuwa wa mbali. Alikuwa amekaa barazani, amevaa kofia ya sufu, anaparuza marimba.

Vyuo vilipotangazwa kufungwa wenzangu walikimbilia mabasi. Mama yangu alinipigia kutoka Bukoba akasema nisithubutu, kwamba bibi yangu ni mzee, na mimi nitakaa kwenye basi siku nzima na usiku nikikoholewa na watu nisiowajua halafu nije nimkumbatie. Nibaki hukohuko. Nililia kidogo, kisha nikaenda kumwambia Mama Yona. Alikuwa anafunga mnyororo kwenye geti. Hakuna aliyemwambia afunge. Mkonze haikufungwa, bodaboda ziliendelea kupita, kanisa liliendelea kuimba, wauza mboga waliendelea kuita. Tuliojifungia tulikuwa sisi tu, na nadhani kujifungia namna hiyo ni kugumu zaidi, kwa sababu uhai wa mtaa unausikia upande wa pili wa ukuta na wewe umekatazwa kuugusa. Majirani walikuja kusalimia getini, "Mbukwenyi!", kwa Kigogo chao cha kucheka, wakiuliza kama humo ndani kuna harusi au kuna wezi. Mama Yona aliwaitikia bila kufungua. Kwangu alisema mara moja tu.

"Anayebaki ndani abaki ndani. Akitoka, nitamrushia begi lake juu ya ukuta. Sitamgombeza."

Nikamuuliza tutakula nini. Alinichukua mpaka stoo akanionyesha, na hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa watu wa Dodoma. Kulikuwa na magunia ya uwele, madebe ya karanga na choroko, na mfuko mkubwa wa mlenda mkavu, majani ya porini yaliyoanikwa na kutwangwa mpaka yamekuwa unga wa kijani. Watu waliozoea mvua kuwakimbia hawangoji tangazo ili waweke akiba. Tungeweza kukaa humo mpaka mavuno yanayofuata bila kugusa sahani ya jirani. Mimi, mtoto wa migombani, niliutazama ule mfuko wa mlenda nikaona adhabu. Niliuita kamasi, na niliuita hivyo mezani, siku ya kwanza, mbele ya wenyewe. Mzee Ndahani alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema Wahaya ni watu wa ajabu, wanakula panzi na kusifia, halafu wanaogopa majani. Tangu siku hiyo tukawa watani, na kila nilipokuwa namega ugali wa uwele aliniuliza kama anitafutie mguu wa panzi.

Nikiulizwa leo ni lini niliwahi kuwa na furaha isiyo na sababu, nitataja wiki zile sita za kwanza, na najua si jambo la kusema kirahisi, maana kulikuwa na hofu kila pembe. Asubuhi Mama Yona alisafisha vitasa vya milango kwa maji ya dawa. Alichemsha vikombe. Mzee akipaliwa na chai mimi na Mama Yona tulinyamaza mpaka amalize. Hofu ile ilikaa nasi mezani kila siku. Lakini jioni, kazi zikiisha, Mzee alichukua marimba yake, kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vilivyopangwa, akaviparuza kwa vidole gumba. Mama Yona aligeuza ndoo ya maji, akaibana katikati ya magoti kama wanawake wa kwao wanavyobana ngoma, akaipiga. Yule mwanamke asiyeongea alikuwa na mikono inayoongea. Mimi walinifunga njuga miguuni, wakanifundisha kukanyaga, nikikosea wote wawili wananisubiri bila kuacha kupiga. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile mwaka mzima nikidhani Mzee ni mgonjwa na mkewe ni mkali. Sikuwahi kujua kwamba walikuwa na muziki wao, kwa sababu jioni nilikuwa natoka.

Kisanduku kile kilikuwa na tundu, na juu ya tundu kumegandishwa utando mweupe, ule ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Ndio uliofanya sauti ivume. Utando huo hupasuka, na ukipasuka unatafuta mwingine. Mzee alikuwa na pembe yake ya stoo ambayo haikuruhusiwa kufagiliwa, na mimi kwa wema wangu wa kuogopa vijidudu niliingia humo wiki ya tatu na ufagio na dawa, nikasafisha mpaka kwenye kenchi za paa. Nilitoka nikijisifu. Mzee alikwenda kuchungulia, akarudi, akakaa. Aliniambia kwamba ameishi na buibui wale miaka tisa na hawajawahi kumwambukiza kitu. Utando ulipopasuka siku chache baadaye, marimba ikaanza kutoa sauti kavu, ya chuma kitupu, naye akaendelea kupiga hivyohivyo bila kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Sasa nifike nilikokuwa napazunguka. Ilikuwa mwezi wa tano, jua la saa nane, wenyewe wamelala. Adela, mwenzangu wa chuo aliyepanga nyumba ya nne kutoka kwetu, alinitumia ujumbe kwamba kifurushi changu kimefika na basi la Bukoba. Mama amenitumia senene waliokaangwa, wale panzi wetu, na kwenye kifurushi cha Adela mama yake ameweka ndizi, na ndizi ziko jikoni. Nilimjibu anirushie changu juu ya ukuta. Akasema sawa, akaniambia pia kwamba ndizi zimekaribia kuiva, ameweka maharage na samli. Nililala kitandani nikitazama dari. Nilikuwa nimekula mlenda siku arobaini na tatu, nilikuwa nazihesabu. Niliondoka kwa kusogeza mabati ya banda la kuku, nikiwa nimeshika viatu mkononi. Chumbani kwa Adela tulikuwa wanne, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, tumekaa kitandani na sakafuni, sahani moja kubwa katikati. Tulikula ndizi, tukatafuna senene, tukaimba nyimbo za harusi za kwetu mpaka tukatokwa na machozi. Adela alikuwa na mafua kidogo, akasema ni upepo wa Dodoma. Nilikaa saa moja, labda na robo. Nilirudi, nikanawa mikono mara tatu, nikayarudisha mabati, na Mama Yona alipoamka alinikuta uani nachambua choroko.

Alisimama mlangoni kitambo. Kisha akaingia tena ndani, nikasikia wakizungumza Kigogo na Mzee kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa geni, walizungumza hivyo siku zote. Jioni ile alipoipua chungu cha mlenda alisema amesikia redioni kwamba wanaougua ugonjwa huu hupoteza harufu, na kuanzia leo kila mtu atanusa chungu kabla ya kula na kusema anasikia nini. Alianza yeye, akasema karanga. Mzee akainama juu ya mvuke, akasema karanga na magadi. Mimi nikasema karanga na kamasi, wakacheka, au Mzee alicheka. Ikawa desturi. Jioni chungu kilinuswa, kisha tulikula, kisha marimba.

Siku ya tano, Jumatatu, niliinama juu ya chungu nikakuta hakuna kitu. Nilihisi mvuke, joto, unyevu puani, basi. Nilivuta tena. Nilikuwa nimeona Mama Yona akitwanga karanga mchana, kwa hiyo nikasema karanga. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na mpaka leo sijaisamehe sauti ile. Nilijiambia ni mafua, ni vumbi, kesho itarudi. Nilijua pia kwamba nikisema, begi langu litapita juu ya ukuta. Nilikaa mezani mkabala na Mzee, nikamega tonge, nikala kitu kisicho na ladha yoyote, nikafunga njuga, nikacheza. Jumanne nikasema karanga na nyanya. Jumatano nikasema karanga. Nilikuwa nakaa jikoni mchana kutwa kuangalia kinachowekwa, nimekuwa binti mwema ghafla, na Mzee akamwambia mkewe kwamba Mhaya ameanza kuupenda mlenda.

Alhamisi Mama Yona aliniachia chungu akaenda kuoga. Nilikaa juu ya kigoda, nimeupa moto mgongo, nachambua choroko kwenye ungo. Upepo ulikuwa unaupeleka moshi ndani ya nyumba. Nilikuwa nimetulia kabisa. Mzee ndiye aliyetoka, ameziba pua kwa shati, anakohoa.

"Koku, chungu kinaungua."

Niligeuka. Mlenda ulikuwa umekauka, umeshika chini, unatoa moshi mweusi hatua moja kutoka mgongoni kwangu. Mama Yona akaja mbio na kanga ya kuogea, uso umelowa. Alikiipua kile chungu kwa matambara, akakileta mpaka mbele ya uso wangu, karibu kiasi kwamba joto lilinichoma kidevu. Hakuuliza kwa hasira.

"Harufu?"

Nilifungua mdomo nitaje karanga kama jioni tatu zilizopita, nikashindwa. Akaniuliza tangu lini. Nikasema Jumatatu. Alikiweka chungu chini taratibu, akamwambia Mzee aingie ndani afunge mlango, na mimi akanionyesha stoo kwa kidole. Nilikwenda kwa miguu yangu. Nilingoja begi lipite juu ya ukuta, na badala yake kikaja kitanda cha kamba, blanketi, ndoo, na mtungi wa maji, vyote vikiwekwa mlangoni na mimi nikivivuta baada ya yeye kuondoka.

Mwili uliniuma siku mbili tatu, homa ikaja ikaondoka. Kwangu ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Kilichoniua ni dirisha. Stoo ilikuwa na kidirisha cha wavu kinachotazama baraza, na jioni ya kwanza, saa ileile ya kunusa chungu, Mzee alitoka akakaa mwisho kabisa wa baraza, akapiga. Sauti kavu, bila mvumo. Alipiga nyimbo mbili akaingia ndani. Nilielewa kwamba ananiambia yuko mzima, na kwamba kesho ataniambia tena. Jioni ya pili akapiga, ya tatu, ya nne, ya tano. Mchana wote nilikuwa naingojea jioni, na jioni ikifika nilikuwa nahesabu pumzi zake kati ya wimbo na wimbo. Jioni ya sita hakutoka.

Mama Yona aliweka sahani mlangoni. Nikamuuliza, Mzee hajambo? Akasema, "Kula." Asubuhi nilimwona akichuma majani ya mwarobaini matawi kwa matawi, akachemsha sufuria kubwa, akaanua blanketi zito kambani, akaingia navyo ndani. Alikuwa anamfukiza. Harufu ya majani yale ingejaa uwanja mzima, na mimi sikusikia hata chembe. Niliona tu mvuke ukitoka dirishani. Nilisikia kikohozi. Nilikuwa najua kikohozi chake cha zamani, kile cha kupaliwa na chai, na hiki hakikuwa hicho. Niliziba masikio, kisha nikaachia, kwa sababu kimya kilikuwa kibaya zaidi.

Siku ya pili ya ukimya Yona alikuja na pikipiki kutoka Bahi. Hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya ukuta na mama yake ndani, mgongo wake ukiwa karibu sana na stoo, wakazungumza Kiswahili, sijui kwa nini, labda mambo ya hospitali walizoea kuyasema kwa Kiswahili. Yona alitaka baba yake apelekwe. Mama yake akasema amefanya kazi wodini miaka ishirini na sita, akiona midomo imebadilika rangi atampeleka yeye mwenyewe mgongoni, lakini bado. Kisha Yona akauliza habari za mwanafunzi. Mama yake akasema yumo stoo, anaendelea vizuri.

"Alitoka, mama? Mtu hawezi kuumwa ndani ya ukuta. Alitoka?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Ningeweza kusema pale, kwa sauti, wote wawili wangesikia.

"Hakutoka," Mama Yona akasema. "Itakuwa nilileta mimi, siku niliyopokea mkaa."

Sikusema. Nilikaa juu ya gunia la uwele nikajiuma mkono. Aliniamini kiasi cha kujitwika mwenyewe, na mimi nikamwacha ajitwike. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa begi. Siku ile nilinyamaza kwa kuogopa jambo kubwa zaidi, kwamba Mzee afe akijua ni mimi.

Jioni ya nne tangu aache, saa ya chungu, nilisikia noti tatu. Zikakatika. Nikasikia akivuta pumzi, ndefu, yenye kukwaruza, halafu noti nne. Hakutoka nje, alikuwa anapigia kitandani, dirisha limefunguliwa. Wimbo ambao kawaida ulimchukua muda wa kunywa chai ulimchukua mpaka giza likaingia. Nililia bila kujificha. Nilimwambia Mungu maneno mengi ya kuahidi, na mojawapo ni kwamba nitasema ukweli nikitoka, na hiyo ndiyo ahadi ambayo sikuitimiza.

Siku chache baadaye nilivuta sahani ndani, nikainama, na kitu kikanigonga puani, chepesi, kama harufu ya nyasi zilizoanikwa. Nilibaki nimeinama. Kisha ikaja karanga, nyuma yake magadi, nyuma yake nyanya. Kamasi yangu niliyoitukana mezani kwa watu. Niligonga bati la mlango nikapiga kelele, "Karanga!"

Kutoka jikoni Mama Yona akajibu, "Na nini tena?"

"Na magadi. Na nyanya umezidisha."

Nikamsikia akicheka, kwa mara ya kwanza tangu chungu kilipoungua. Nilikula sahani nzima, nikailamba. Sijawahi kula chakula kitamu kuliko kile, na nimeshakula harusi za matajiri.

Nilipotoka stoo nilikuwa na kitu mkononi. Kwenye ile pembe niliyoisafisha kwa ufagio wangu, buibui alikuwa amerudi, akajenga, na vifaranga vyake vilipokwisha kutoka nilibandua ule utando mweupe kwa wembe na kuuhifadhi kati ya kurasa za daftari. Mzee alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni. Aliupokea kwa vidole viwili, akautazama dhidi ya jua, akaubandika juu ya tundu kwa nta. Akaparuza. Sauti ikavuma kama zamani. Alipiga kidogo tu, akapumzika, akasema buibui ni wastaarabu kuliko Wahaya, ukiwafukuza hawanuni. Tangu mwaka ule hakuweza tena kutembea mpaka getini bila kupumzika njiani. Vyuo vikafunguliwa, mnyororo ukatolewa, nikaendelea na masomo, nikahitimu, nikaolewa. Kila Krismasi nilikwenda kuwasalimia na mkungu wa ndizi. Hakuna aliyeniuliza lolote, na kila nilipomwona amesimama katikati ya uwanja anatafuta pumzi nilijua nimemfanyia mimi, na nikamwuliza habari za kuku.

Alizikwa Jumamosi. Kwaya ya kanisani iliimba, Yona alishika msalaba, marimba ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya kiti chake na hakuna aliyeigusa. Siku iliyofuata waombolezaji wengi walikuwa wameondoka, wanawake wakanipa chungu cha mlenda nikiangalie, wao wakaenda kuosha vyombo. Mama Yona alitoka ndani, amejifunga kanga nyeusi, akakaa juu ya kigoda kando yangu. Amezeeka, lakini macho ni yaleyale. Tulitazama moto. Nilijua nisiposema pale sitasema tena, maana nusu ya watu niliopaswa kuwaambia ilikuwa tayari chini ya udongo.

"Mama, mwaka ule nilitoka."

Alisukuma kijiti kimoja cha moto ndani.

"Ulienda kula panzi," akasema.

Aliniambia kwamba harufu ya panzi wa kukaanga ilimwamsha usingizini siku ile, ilikuwa kwenye nywele zangu, kwenye nguo, sabuni yangu yote haikuifuta. Alirudi chumbani akamwambia Mzee kwamba Koku ametoka na anaenda kulirusha begi lake. Mzee akamuuliza nikirushiwa begi nitakwenda wapi, na mji mzima unakohoa. Akasema mtoto amekumbuka kwao, aachwe. Akasema pafu ni lake.

"Ndiyo maana ukaanza kutunusisha chungu."

"Nilitaka nikuwahi. Ukanidanganya siku tatu." Alisema bila uchungu. "Na mimi nikamdanganya Yona alipouliza. Ningemwambiaje kwamba baba yake alichagua?"

Nilikasirika. Nasema ukweli, sikufarijika hata kidogo mwanzoni, nilikasirika. Miaka sita nilikuwa naamka na jambo lile, nabeba ndizi kila Krismasi kama mtu anayelipa fidia, na wao wanajua, wananikaribisha chai. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Mzee alikataa usiulizwe. Alisema ukiulizwa utadanganya tena, na ukidanganya mara ya pili hutarudi kutusalimia."

"Alikuwa ananingoja niseme?"

Mama Yona hajui kusema uongo mdogo wa kufariji, anajua ule mkubwa tu.

"Alingoja mwaka wa kwanza, na wa pili. Ukija alikuwa ananiambia, labda leo. Baadaye akaacha. Alikuwa anafurahi tu ukija."

Nilimkumbuka amekaa barazani Krismasi ile ya kwanza, marimba mapajani, ananitazama nikimwuliza habari za kuku, na ananijibu habari za kuku, mmoja mmoja. Nililia pale jikoni kwa sauti, na Mama Yona aliniacha nilie. Kisha pua yake ikasogea kidogo.

"Koku. Chungu."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mwiko. Nilikuwa nimeisikia harufu kabla hajasema.